Kawawa wa Songea: Maisha ya Mtu wa Pili

Januari 22, 1962, siku 44 tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Alisema anarudi kwenye chama, akaijenge upya TANU na kuzungumza na watu vijijini. Kiti akamwachia mtu wa miaka 35, mzaliwa wa wilaya ya Songea, aliyewahi kuwa karani wa serikali, mwigizaji wa filamu na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa.

Ukifika Bombambili leo, katika Manispaa ya Songea, utaikuta nyumba ya Kawawa imegeuzwa makumbusho. Mji huu mdogo umebahatika kuwa na makumbusho mawili ya historia yake. Moja liko mtaa wa Mahenge, nalo ni la mashujaa wa vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye mji umechukua jina lake. La pili ni hili la Bombambili. Lile la Mahenge linajulikana zaidi na kila Februari linajaa wageni. Hili la Bombambili linastahili kutembelewa kwa sababu nyingine: ndani yake kuna maswali ambayo taifa letu bado halijayajibu.

Kawawa tumezoea kumtaja kwa jina la sifa, Simba wa Vita, kisha tukapita. Sifa hiyo ameistahili. Lakini kwa takriban miaka thelathini kuanzia siku ile ya Januari, karibu kila uamuzi mzito wa nchi hii ulipita mikononi mwake kwenda kwa wananchi. Mwalimu alifikiri, akaandika, akahutubia. Kawawa ndiye aliyeufanya uamuzi kuwa sheria, waraka, operesheni na amri. Mwenye kumsifu kwa yaliyofanikiwa hana budi kumtaja pia kwa yaliyoumiza, na sisi wa mkoa wa Ruvuma, tunaojivunia kwamba ni wetu, ndio tunaopaswa kutangulia kufanya hivyo.

Alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matepwende, ambacho siku hizi kiko wilaya ya Namtumbo. Ilikuwa miaka 20 baada ya vitanzi vya Songea. Nchi ile ilikuwa bado haijapona. Katika kuwashinda wapiganaji wa Majimaji, Wajerumani walichoma ghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Eneo kubwa kati ya Songea na Liwale likabaki pori, tembo wakashika njia zilizokuwa za watu, na sehemu yake kubwa baadaye ikawa Pori la Akiba la Selous. Baba yake Kawawa alikuwa mwindaji wa tembo. Mtoto akakulia katika nchi ambayo ukimya wake ulitokana na vita, na masomo ya msingi akayaanzia Liwale kwenyewe, mojawapo ya mahali ambapo vita vile vilikuwa vikali zaidi.

Kutoka Liwale alikwenda Dar es Salaam, kisha Tabora, shule ya serikali iliyotoa viongozi wengi wa kizazi kile. Nafasi ya kwenda Makerere aliiacha. Alikuwa mtoto wa kwanza katika familia yenye watoto wengi, na aliona ni heri afanye kazi awasomeshe wadogo zake. Baadhi ya watu wa rika lake waliingia kwenye siasa wakiwa na shahada mkononi, na Nyerere mwenyewe alikuwa na yake ya Edinburgh. Kawawa aliingia akiwa na uzoefu wa mshahara mdogo na ndugu wa kuwalea, na nadhani hapo ndipo alipopata uwezo wake wa kuelewana na makarani, wapishi na makuli.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya karani wa hesabu. Baadaye akaingia idara ya ustawi wa jamii, ambako serikali ya kikoloni ilikuwa ikijaribu kutengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya Waafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kawawa akawa nyota wa filamu ya Muhogo Mchungu. Watu waliomwona kwenye turubai walimjua kwa sura kabla hawajamjua kwa siasa. Kwa kijana wa serikali aliyekatazwa kisheria kujiunga na chama cha siasa, kujulikana huko kulikuwa mtaji mkubwa. Mwaka 1953 akapelekwa Urambo, huko Unyamwezi, kuhudumia Wakikuyu waliokuwa wamewekwa kizuizini kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Aliwaona kwa macho yake watu waliofungwa bila kesi. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana tutalirudia.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuwa mwanachama. Kawawa akapitia mlango uliokuwa wazi, yaani chama cha watumishi Waafrika wa serikali, ambacho alikiongoza. Mwaka 1955, Tom Mboya alipofika kutoka Kenya kuwashauri viongozi wa vyama vya wafanyakazi waungane, likaundwa shirikisho la Tanganyika Federation of Labour, TFL, na Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1956 akaacha kazi ya serikali. Akaacha mshahara, akaacha pensheni, na wadogo zake bado walikuwa wakimtegemea.

Mwezi Desemba mwaka huohuo wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani Dar es Salaam waligoma. Hawa walikuwa wapishi, madobi na maboi, watu waliolala vibanda vya uani nyuma ya nyumba za mabwana wao huko Oyster Bay na kuamka alfajiri kuchemsha maji ya chai. Kumwambia mtu wa namna hiyo agome ilikuwa ni kumwambia siku hiyohiyo atoke na kitanda chake, kwa kuwa mwajiri wake ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. TFL ikaita wafanyakazi wengine wawaunge mkono. Mgomo haukuleta ushindi mkubwa, na wengi walipoteza kazi. Lakini mji uliona jambo jipya: kuli wa bandarini kuacha kazi kwa ajili ya boi wa Oyster Bay. Katika miaka miwili iliyofuata vyama vya wafanyakazi vilikua kwa kasi, na nguvu hiyo Kawawa akaileta TANU. Mwaka 1957 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 alikuwa makamu wa rais wa TANU na waziri wa serikali za mitaa. Ndiyo kusema, uwaziri mkuu wa 1962 haukuwa zawadi ya urafiki. Nyerere aliachia kiti kwa mtu pekee aliyekuwa na jeshi lake mwenyewe la wafuasi, na aliyeaminika kwamba hatalitumia jeshi hilo kumzuia mwenye kiti asirudi.

Uwaziri mkuu wake wa kwanza haukutimiza mwaka mmoja, lakini sura ya dola tunayoijua leo ilichongwa katika miezi hiyo. Wakati wa mkoloni Songea ilikuwa wilaya ya Jimbo la Kusini. Jimbo lilikuwa na PC, yaani mkuu wa jimbo, wilaya ilikuwa na DC, yaani mkuu wa wilaya, na mwananchi alimwita yule wa chini Bwana Shauri. Wote walikuwa watumishi wa serikali, na karibu wote Wazungu. Serikali ya Kawawa iliwaondoa, ikaweka Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya ambao walikuwa wanasiasa, wanachama wa TANU, na mara nyingi waliokuwa makatibu wa chama mahali hapohapo. Kazi ya Mkuu wa Mkoa kama tunavyoifahamu, mtu mmoja mwenye kofia ya serikali na ya chama, inaanzia hapo. Mwananchi wa Songea aliyekuwa akivua kofia mbele ya Mzungu akamkuta ofisini mtu anayejua kwao na kabila lake. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na wazee waliolishuhudia walilisimulia kwa furaha. Ila pia lilifuta mpaka kati ya unayebishana naye na anayekuhukumu. Ukigombana na katibu wa chama umegombana na serikali, basi ukakate rufaa wapi?

Machifu nao waliondolewa. Kuanzia Januari 1963 cheo cha uchifu hakikutambuliwa tena kisheria nchi nzima. Kwa Ungoni ilikuwa na uzito wa pekee. Wajerumani walimnyonga Nkosi Mputa Gama, chifu wa Wangoni, na manduna wake, kisha Waingereza wakaurudisha utawala wa nkosi wapate watu wa kuwakusanyia kodi. Serikali huru, ambayo mtu wake wa pili alizaliwa wilaya hiyohiyo, ndiyo iliyoufunga ukurasa. Sioni kosa hapo. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 isingeweza kujengwa juu ya viti vya urithi.

Mahali ninapoona kosa ni jinsi wafanyakazi walivyotendewa. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya migogoro ya kazi iliyofanya mgomo kuwa karibu hauwezekani kisheria, na nyingine iliyowazuia watumishi wa ngazi za juu wa serikali kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Mwezi Septemba ikaja sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Waziri Mkuu alikuwa yuleyule mwanzilishi wa TFL, yuleyule aliyekaa Urambo na wafungwa wasiohukumiwa. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wenye mshahara ni wachache, wakulima ndio wengi, na kila nyongeza ya mwenye ajira inatoka kwenye jasho la mkulima. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli wake. Waliobaki TFL hawakuikubali. Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli, aliyekuwa amepelekwa London kuwa balozi, aliacha ubalozi akaunda chama chake cha upinzani. Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge alihamishiwa Sumbawanga kwa amri, Januari 1963.

Mwisho wa vyama huru vya wafanyakazi ulikuja mwaka mmoja baadaye, Nyerere akiwa sasa Rais na Kawawa makamu wake. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi. Nyerere na Kawawa walivushwa kwenda kujificha ng'ambo ya Kigamboni, na Oscar Kambona ndiye aliyezungumza na waasi. Januari 25 askari wa Kiingereza walitua na kuuzima uasi. Baada ya hapo viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa kwa wingi, TFL ikavunjwa, na kikaundwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais. Nyumba aliyoijenga Kawawa kwa mikono yake miaka tisa nyuma ikabomolewa na serikali ambayo yeye alikuwa makamu wake wa rais. Kama ilimuuma, hakulionyesha hadharani. Na hapo unaona tabia ambayo ingemtambulisha mpaka mwisho: jambo likishaamuliwa, yeye alilitekeleza kama lake.

Baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964, Sheikh Abeid Amani Karume alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Kawawa wa Pili, akisimamia shughuli za serikali bungeni na za kila siku Bara. Katika nafasi hiyo alifanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Mwezi Januari 1967 alitoa agizo kwamba shughuli zote za serikali zifanywe kwa Kiswahili.

Leo agizo hilo linaonekana dogo kwa sababu lilifanikiwa. Jaribu kumfikiria mkulima wa tumbaku wa Namtumbo kabla ya hapo. Amepeleka malalamiko yake bomani kwa mdomo. Baada ya wiki kadhaa anapata barua ya kaki yenye muhuri, imepigwa taipu kwa Kiingereza. Anamtafuta kijana wa shule amsomee, na kijana anasoma anachokielewa, anaruka asichokielewa. Mkulima anarudi nyumbani hajui kama amekubaliwa au amekataliwa. Karani aliyeiandika barua hiyo mara nyingi alikuwa Mswahili mwenzake, mzungumzaji mzuri wa Kiswahili, aliyefundishwa kwamba karatasi ya serikali haiwezi kubeba lugha hiyo. Agizo la 1967 lilimwamuru aandike kama anavyosema. Mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, kusaidia kupata maneno ya sheria, fedha na ufundi. Wasomi walilalamika kwamba lugha haijawa tayari, lakini Kawawa hakusubiri iwe tayari, na lugha ikakua kwa kutumiwa. Maneno tunayoyatumia ofisini leo bila kufikiri, kuanzia waraka hadi bajeti, yalizoeleka kwa namna hiyo. Mahakama za juu na vyuo vikuu havikufuata, na kwa miaka mingi, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kulikuwa na Mtanzania aliyehukumiwa kwa hukumu iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa. Kazi ile ilibaki nusu, na aliyeifanya nusu ya kwanza alitoka kwetu.

Wiki chache baadaye, Februari 5, ikaja Azimio la Arusha. Na hapa Songea inaingia kwenye hadithi kwa mlango mwingine.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU Youth League walikuwa wameingia msituni Litowa, wakafyeka, wakaanzisha kijiji cha kulima pamoja. Kiongozi wao mkubwa alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Walihangaika, walishinda njaa, wengine wakakimbia, waliobaki wakafaulu. Vijiji vingine vikaiga, kikiwemo Matetereka, na vyote vikaungana katika Ruvuma Development Association, RDA. Walikuwa na shule yao Litowa ambayo watoto walijifunza kilimo na uongozi pamoja na hesabu. Walikuwa na mashine ya kusaga mjini Songea. Mshauri wao Mwingereza, Ralph Ibbott, aliishi nao kijijini pamoja na familia yake. Mambo yao waliyaamua mkutanoni, wanaume kwa wanawake, na mapato wakagawana kwa kazi. Mwalimu aliwasifu, na wengi wanaamini kwamba waraka wake wa mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini ulitokana kwa sehemu kubwa na yale aliyoyaona kwao. Ujamaa ulikuwepo Ruvuma kabla haujawa siasa ya nchi.

Septemba 24, 1969, Kamati Kuu ya TANU iliifuta RDA. Mali zake zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa, Ibbott na familia yake wakaondoka nchini. Sababu ya ndani haikuwa siri kwa waliokuwepo. Vijiji vile vilijiongoza vyenyewe, na viongozi wa mkoa hawakupenda watu wanaouliza amri inatoka wapi. Kawawa wakati huo alikuwa Makamu wa Pili wa Rais. Uamuzi ulikuwa wa chama, siwezi kuuweka mabegani mwa mtu mmoja. Lakini yeye alikuwa mtoto wa Songea aliye juu kuliko wote serikalini, na vijiji vya nyumbani kwao vilivunjwa akiwa pale. Katika simulizi zetu za Simba wa Vita, Litowa haitajwi. Ingepaswa kutajwa kila mara.

Kwa maana kilichofuata kilikuwa kinyume cha Litowa. Februari 1972 Kawawa alirudi kuwa Waziri Mkuu. Siku ya Krismasi iliyotangulia, katika mkoa wa Iringa, wakati huo jirani yetu, Mkuu wa Mkoa Dakta Wilbert Kleruu alikuwa ameuawa kwa risasi huko Isimani na mkulima Said Mwamwindi, katika ugomvi wa ardhi na vijiji vya ujamaa. Damu ile ilikuwa onyo. Serikali ilisoma onyo hilo kwa namna yake, ikaongeza nguvu. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani: halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zikafutwa, na maendeleo ya mikoa yakawekwa chini ya wakurugenzi waliowajibika kwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Kilichokwenda mikoani ni maofisa.

Novemba 6, 1973, Mwalimu akatangaza kwamba kuishi kijijini si hiari tena. Hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia. Mashine ya kutekeleza hilo ilikuwa ileile ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ikaitwa operesheni, na neno hilo lilistahili, maana ilifanywa kwa malori, mgambo na tarehe za mwisho. Mahali pengine watu walihama kwa ridhaa wakiahidiwa shule, zahanati na maji, na wengi kweli walivipata. Mahali pengine paa ziliezuliwa mwenye nyumba akiwa bado anafunga mikeka, na nyumba kuchomwa ili asirudi. Waliacha migomba, miembe na makaburi. Wakashushwa barabarani wakati wa mvua, mahali ambapo udongo hawaujui. Kufikia mwaka 1976 serikali ilihesabu vijiji zaidi ya 7,000. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umekwisha kuikumba nchi, kwa hiyo njaa ya miaka hiyo haikuletwa na operesheni peke yake. Lakini kumhamisha mkulima katikati ya msimu hakukusaidia.

Pigo la mwisho liligusa Songea moja kwa moja. Tangu mwaka 1936 wakulima wa Ungoni na Umatengo walikuwa na ushirika wao, Ngoni-Matengo (NGOMAT), uliouza tumbaku ya moshi na baadaye kahawa. NGOMAT ilisomesha watoto, ilijenga, ilikopesha. Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika vyote nchini, NGOMAT ikiwemo, na mazao yakakabidhiwa mamlaka na kampuni za umma. Ni kweli kwamba vyama vingi vilikuwa na wizi na madeni. Lakini mkulima aliyedhulumiwa na katibu wa ushirika aliweza kumng'oa kwenye mkutano mkuu, na meneja wa shirika la umma hakuwa na mkutano wa kumng'oa. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kufuta ushirika na serikali za mitaa kulikuwa kosa. Alilisema waziwazi, na ilimpa heshima.

Kawawa aliondoka kwenye uwaziri mkuu Februari 1977, siku chache baada ya TANU na ASP ya Zanzibar kuungana kuwa CCM, na Edward Sokoine akashika nafasi. Mtu mwingine angestaafu au angenuna. Yeye alikubali Wizara ya Ulinzi. Ndiye aliyekuwa waziri Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, na ndiye aliyekuwa waziri Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Baada ya vita akaendelea serikalini, na kutoka 1982 hadi 1990 akawa Katibu Mkuu wa CCM. Katika miaka hiyo halmashauri zilirudi, na ushirika ukarudi. Yule aliyesimamia kufutwa kwake akasimamia kurudi kwake.

Kuna wanaosema hiyo ni dalili ya mtu asiye na msimamo. Sikubaliani nao. Msimamo wake ulikuwa mmoja tangu siku ile ya Januari 1962: nchi changa haiwezi kumudu ugomvi wa wakubwa. Angalia majirani wetu wa kizazi hicho. Uganda, Obote na Mutesa, kisha Obote na Amin. Kenya, Kenyatta na Odinga. Kongo, Kasavubu na Lumumba. Kila mahali namba moja na namba mbili waligeukana, na damu au gereza ikafuata. Tanganyika ilikabidhiana uwaziri mkuu siku 44 baada ya Uhuru, ikakabidhiana tena madaraka miezi kumi baadaye Mwalimu alipokuwa Rais, na hakuna aliyetiwa pingu kwa sababu ya makabidhiano hayo. Hilo ni tunda la tabia ya Kawawa kama lilivyo tunda la Mwalimu. Bei yake ilikuwa kwamba karibu na Mwalimu hakubaki mtu mwenye nguvu ya kumwambia hapana. Kawawa ndiye angeweza. Angesema hapana kuhusu Litowa au NGOMAT, pengine angesikilizwa.

Alifariki Desemba 31, 2009, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akiwa na miaka 83. Januari 2, 2010 akazikwa Madale, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mkewe Sofia Kawawa, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania na mtetezi mkali wa haki za wanawake ndani ya chama, alikuwa amemtangulia mwaka 1994. Na kwa Kawawa, mtu aliyeshika madaraka muda wote huo, kutoshukiwa utajiri wa wizi ni ushahidi mzito, na hata wapinzani wake humpa haki hiyo.

Sasa turudi kwetu. Nyumba ya Bombambili ni nafasi adimu. Makumbusho ya viongozi huwa na picha za kupeana mikono, viti walivyokalia na kanzu walizovaa. Yanafaa, lakini hayatoshi kumweleza mtoto wa sekondari wa Songea kwa nini babu yake alihamishwa kijiji mara mbili, au kwa nini barua ya halmashauri anaweza kuisoma mwenyewe. Majibu yote mawili yako katika maisha ya mtu mmoja. Wapo bado wazee waliolima Litowa na Matetereka wakiwa vijana, waliouza tumbaku NGOMAT, waliopanda malori ya operesheni na waliokuwa wakipiga taipu za Kiingereza bomani mpaka siku agizo la Kawawa lilipofika. Wengi wao wamepita miaka 70, wengine 80, na kila masika tunawazika baadhi. Kama mmoja wao yuko nyumbani kwako, kaa naye mwezi huu, washa simu umrekodi, muulize na yaliyomfurahisha na yaliyomuumiza, kisha uipeleke sauti hiyo Bombambili na uwaombe waihifadhi.